Namba na Herufi: Jinsi ya Kuisoma Sidiria

Najua kuna watu kule viti vya nyuma ambao wameshaanza kucheka kwa sababu ya kichwa cha makala. Chekeni mmalize, halafu msome. Nyinyi pia mna mama na dada, na wengine wenu mnauza mitumba wakati wa likizo kama mimi, na hesabu iliyomo humu haijali kama wewe ni mvulana au msichana.

Neno lenyewe ni zuri. Sidiria limo katika kamusi na liko katika ngeli ya I-ZI: sidiria hii inanibana, sidiria hizi zinatubana. Asili yake ni Kiarabu, kutokana na neno sadr, yaani kifua. Mitaani tunasema brazia, au bra kwa mkato, na msichana akiwa mbele ya kaka zake hasemi lolote, anaonyesha kwa macho tu. Mwalimu mlezi wa chama aliposoma makala hii mara ya kwanza aliniambia kwamba kitu kinachovaliwa na nusu ya shule, na ambacho kina jina la Kiswahili, hakuna sababu ya kutokiandika. Basi nimeandika.

Jambo lenyewe lilianza na kosa langu. Shangazi yangu ana kibanda cha mitumba Gikomba, na huuza nguo za ndani za kina mama. Nikifunga shule huenda kumsaidia. Belo ikifunguliwa, kazi yangu huwa ni kutenganisha: zilizo nzuri kabisa, zile tunazoita kamera, zinatundikwa juu, za wastani zinapangwa mezani, zilizochakaa zinatupwa kwenye rundo la bei ya kutupa. Nilijiona mjuzi. Siku moja nilikuwa nimeona lebo yenye namba nyingi kwa mpigo, ikasema kwamba 90 ya Ufaransa ni sawa na 34 ya Uingereza. Nikaishika hiyo kichwani kama mtu anayekariri mtihani.

Juma hilo hilo akaja mama mmoja akitaka saizi 34C kwa ajili ya binti yake aliyekuwa amepata kazi ya kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha, matope yanafika kifundoni, na shangazi ameenda kutafuta chenji. Nikachakura mezani nikapata 90C, nyeupe, safi, haijavaliwa hata mara mbili ukiitazama. Nikamwambia, "Mama, hii ndiyo 34 yenyewe, ni vile tu imeandikwa kizungu cha Ufaransa." Akalipa, akaiweka mfukoni, akakimbilia matatu.

Kesho yake asubuhi kabla hatujamaliza kupanga vitu, huyo! Aliitandaza ile sidiria mbele ya wateja wengine akaniuliza kama binti yake aingie humo na jirani yake. Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi alirudisha pesa bila maneno, kisha akaigeuza lebo akanionyesha maandishi madogo upande wa pili. Sidiria ilikuwa ya Ujerumani. Ya huko, 90 si 34. Ni 40!

Hapo ndipo nilipoamua kuielewa hii biashara ya namba. Sikutaka tena kuuza kwa kubahatisha. Shangazi alinifundisha anayoyajua kwa mikono, mengine nikayatafuta katika vitabu vya ushonaji, na mengine niliyapata kwa kupiga hesabu nyuma ya daftari langu la Kemia, mwalimu anisamehe.

Tuanze na namba. Namba hupima mkanda, yaani ile sehemu inayozunguka mwili chini ya matiti na kufungwa kwa kulabu mgongoni. Haipimi ukubwa wa matiti hata kidogo. Waingereza na Wamarekani huhesabu kwa inchi, wakaenda kwa namba shufwa: 30, 32, 34, 36, 38. Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya huhesabu kwa sentimita, wakaruka tano tano: 70, 75, 80, 85, 90. Ufaransa na Uhispania wao huchukua ile namba ya Ujerumani wakaongeza 15. Kwa hiyo sidiria moja tu, ile ile, itaandikwa 34 London, 75 Berlin na 90 Paris. Ukiona 90 peke yake, usifungue mdomo kabla hujajua imetoka wapi. Australia nao wana namba zao zinazofanana na za magauni, ambapo 12 ndiyo 34.

Herufi ndiyo inayohusu kikombe. Watu wengi hudhani kwamba A ni ndogo na D ni kubwa, basi. Sivyo. Herufi ni tofauti kati ya vipimo viwili: kifua kikizungushwa mahali palipojaa zaidi, ukitoa ule mkanda wa chini. Kwa hesabu ya Uingereza, tofauti ya inchi 1 ni A, inchi 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, 5 ni DD, na 6 ni E. Kwa hiyo herufi bila namba haina maana, ni kama kumwambia mtu umepata alama ishirini bila kusema ni kati ya ngapi. D ya mkanda wa 30 ina kikombe kidogo kuliko D ya mkanda wa 38, wala hazikaribiani. Msichana anayetaniwa kwa sababu herufi yake iko mbali, au anayejionea haya kwa sababu yake iko karibu, wote wanasumbuliwa na hesabu ambayo haijakamilika.

Sasa njoo kwa jambo lililonikosesha usingizi. Kama 34 ni inchi na 75 ni sentimita, na zinasemwa kuwa sawa, basi tupige hesabu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Mara 34, tunapata sentimita 86 na kitu. Si 75! Zinapungua sentimita 11 nzima. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Nikamuuliza shangazi, akacheka, akasema yeye hajawahi kupiga hesabu hiyo ila anajua kwamba ukimpima mtu mwenye 34, ile futikamba husoma kama 30.

Kumbe ndivyo ilivyo. Washonaji wa zamani walikuwa wakipima chini ya matiti, halafu wanaongeza inchi 4, au 5 kama namba ilikuwa witiri, ili ipatikane shufwa. Vitambaa vya siku hizo havikuvutika kama vya leo, na mtu alihitaji nafasi ya kupumua. Vitambaa vikabadilika, lastiki ikaja, lakini ile desturi ya kuongeza ikabaki kwa viwanda vingi. Wapimaji wengine wa leo wameiacha. Wanasema kama futikamba imesoma 30, anza na 30.

Tuchukue mama wa kubuni, maana mtu wa kweli hatakubali kuwekwa jaridani. Chini ya matiti ana inchi 30, ambazo ni sentimita 76. Kifua chake kikijaa kina inchi 36, karibu sentimita 91. Mpimaji wa kizamani ataongeza 4, apate 34; kisha 36 toa 34 ni 2, kwa hiyo 34B. Mpimaji wa kisasa haongezi kitu. 36 toa 30 ni 6, kwa hiyo 30E. Mjerumani atachukua 76, ambayo inaangukia katika mkanda wa 75, kisha 91 toa 76 ni 15, na kwao tofauti iliyo kati ya 14 na 16 ni B. Ataandika 75B. Mama mmoja, mwili mmoja, majibu matatu! Nani mkweli? Kwa maoni yangu hakuna anayedanganya, ila kila mmoja anaeleza alivyopima. Ndiyo sababu futikamba ni mahali pa kuanzia tu. Jibu lenyewe linapatikana ukivaa.

Kuna siri moja ya sokoni ambayo shangazi huiita saizi ndugu. Kikombe cha 34B ni sawa kwa ujazo na cha 32C, na pia na cha 36A. Ukishuka mkanda mmoja, panda herufi moja. Ukipanda mkanda, shuka herufi. Mteja akikosa 34B mezani, asiende mikono mitupu. Ajaribu 32C kama anapenda kubana kidogo. Lakini usimvushe hatua mbili au tatu kwa sababu tu unataka kuuza. Hapo unamdanganya, na atarudi. Mimi najua wanavyorudi.

Mtu akiuliza herufi hizi zilitoka wapi, si za tangu jadi. Wanawake wa Ulaya na Marekani walikuwa wakivaa koseti, vitu vigumu vilivyobana kiuno hadi pumzi ikawa ya shida. Mwaka 1914 Mary Phelps Jacob wa New York alipata hataza ya sidiria ambayo mfano wake wa kwanza aliushona kwa leso mbili za hariri na utepe. Baadaye aliuza haki hiyo kwa kampuni ya koseti ya Warner Brothers kwa dola 1,500. Herufi A hadi D zilianza kutumiwa na kampuni ya S. H. Camp mwaka 1932. Kwa hiyo bibi ya bibi yangu alizaliwa kabla ya kikombe A kuwapo duniani, na aliishi vizuri tu.

Turudi kwa mwili. Utajuaje kwamba uliyovaa ni yako? Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni mkanda, kwa sababu mzigo mwingi unabebwa na mkanda, si kamba za mabegani. Simama kando mbele ya kioo. Mkanda uwe sambamba, mgongoni usawa na mbele. Ukiona nyuma umepanda kama daraja kuelekea shingoni, ni mkubwa mno, na mabega ndiyo yanayolipa. Vidole viwili vipite chini yake kwa shida kidogo. Ngumi nzima ikipita, hiyo si yako. Na hapa wengi tunakosea: sidiria mpya ifungwe kwenye kulabu za nje kabisa, zile zinazolegeza. Lastiki itachoka kadiri siku zinavyokwenda, na wewe utasogea ndani, safu baada ya safu. Ukiinunua ikiwa tayari inataka safu ya ndani, utasogea wapi tena?

Kamba za mabegani zisichimbe. Alama nyekundu zinazobaki mpaka jioni husemekana ni za kawaida, eti ndivyo wanawake walivyo. Si kweli. Mara nyingi ni kwamba mkanda umelegea, mtu akakaza kamba ili kuufidia. Kikombe nacho kisiwe na mikunjo mitupu, wala kisikate mtu katikati. Kama kuna waya, ukae juu ya mbavu, usikalie nyama. Inua mikono yote miwili kama unayeandika juu kabisa ya ubao. Ikipanda na mikono yako, irudishe mezani.

Sokoni hatuna chumba cha kujaribia. Shangazi humvalisha mteja juu ya blauzi, jambo ambalo linapotosha kidogo lakini ni afadhali kuliko kukisia. Mimi sasa natembea na futikamba mfukoni, ile ya fundi cherehani. Asiyetaka kupimwa hadharani namkopesha, anajipima mwenyewe nyuma ya pazia la mama anayeuza mapazia.

Nilisema hesabu hii si ya kucheka, na sababu iko hapa hapa shuleni. Kuna rafiki yangu ambaye sitamtaja, aliyekuwa mchezaji hodari wa netiboli tulipokuwa kidato cha kwanza. Kidato cha pili akaacha. Siku za michezo alikuwa na homa, au kichwa, au ameacha raba nyumbani. Mwalimu mmoja alimwita mvivu mbele ya darasa, akaadhibiwa kufyeka nyasi. Hata mimi nilimwona ana maringo. Baadaye sana, tukitembea kwenda nyumbani, aliniambia kwamba alikuwa anavaa sidiria za dada yake mkubwa, zilizompwaya mgongoni, na kila akiruka kushika mpira alihisi maumivu na kuona aibu, kwa sababu ilikuwa inapanda. Alijaribu kuvaa mbili kwa pamoja, akashindwa kupumua. Hakujua kwamba kuna namba ya kutafuta. Alidhani kosa ni la mwili wake.

Nilimpeleka kwa shangazi Jumamosi. Haikuchukua hata robo saa, na haikugharimu pesa za kutisha. Sasa anacheza. Sisemi kwamba kila anayekwepa michezo ana shida hii, wengine ni wavivu kwelikweli, mimi nikiwemo siku za mbio za nyika. Lakini naomba walimu, kabla ya kumpa msichana jembe, mwalimu wa kike amwulize faraghani.

Sidiria ya michezo yenyewe ni changa. Mwaka 1977 kule Vermont, Marekani, Lisa Lindahl alikuwa anakimbia kujifurahisha na hakupata kitu cha kumshika vizuri. Yeye na wenzake wawili, Polly Smith na Hinda Miller, walichukua vikinga vya wanariadha wa kiume wakavishona pamoja, na hiyo ikawa ya kwanza kuuzwa. Ninyi wavulana mnaocheka, mali ghafi ilikuwa yenu. Tukija kwetu, Juni 2025 Faith Kipyegon alipojaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne mjini Paris, alivaa sidiria iliyotengenezewa mwili wake kwa mashine ya kuchapa vitu. Alimaliza kwa dakika 4, sekunde 6 na kitu. Hakuzifikia dakika nne, lakini aliipita rekodi yake mwenyewe ya 4:07.64 ya mwaka 2023, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu ya mpangilio wa mbio zenyewe. Kama mkimbiaji wa kiwango kile anapimwa kifua kwa makini kama hayo, sisi wa uwanja wa vumbi tutaonaje haya?

Kuna maneno mengi ya uongo yanayotembea. Eti sidiria yenye waya huleta saratani. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson kule Seattle walitoa matokeo ya uchunguzi wao, na hawakuona uhusiano wowote kati ya kuvaa sidiria na saratani ya matiti. Wengine husema usipovaa utaharibika umbo, wengine wanasema ukilala nayo utakufa. Umri, kuzaa na urithi vina nguvu zaidi juu ya umbo kuliko kitambaa. Kulala nayo ni hiari ya mtu, mradi haimbani. Na asiyetaka kuvaa, au asiyehitaji bado, hana upungufu.

Ukinunua mtumba, vuta mkanda kwa mikono miwili kisha uachilie. Ukirudi kwa haraka, una uhai. Ukirudi kwa uchovu kama mtu aliyeamshwa, uache hata ukiwa mzuri namna gani. Tazama kulabu zisiwe na kutu, na upapase ncha za waya kama hazijaanza kuchungulia. Nyumbani, loweka, fua kwa sabuni na maji ya moto ya kiasi mara ya kwanza, kisha usiwahi kuikamua kwa kuisokota wala kuipiga pasi. Anika kivulini. Jua kali na pasi ndivyo vinavyoua lastiki. Ukiwa nazo mbili, zipokezane, usivae moja siku tano mfululizo, kwani lastiki nayo hupumzika. Msichana aliye bado anakua ajipime tena kila baada ya miezi michache. Namba ya mwaka jana si ahadi.

Kwa wale wasio na futikamba, chukua uzi wa kufumia, uzungushe, uweke alama, kisha uupime kwenye rula ya darasani, ile ya sentimita 30, kwa kuihamisha. Pumua nje unapopima chini. Simama wima, usijikaze. Andika namba mbili kwenye kikaratasi ukifiche katika kitambulisho chako cha shule, uende nacho sokoni, na ukifika kibandani usianze kwa kusema, "Nataka saizi yangu." Taja vipimo, kisha uliza lebo imetoka nchi gani.

Na asiyeweza kwenda sokoni peke yake anitafute darasani wakati wa chakula cha mchana, karibu na dirisha lililovunjika. Futikamba iko kwenye mkoba wangu. Sitauliza ni ya nani.